Punje Elfu Moja za Ulezi

Ilikuwa Aprili, na masika yalikuwa yameufunika Kilimanjaro hata mtu wa Machame mwenyewe asingeweza kuapa kwamba mlima bado upo mahali pake. Nami nimekaa barazani kwa baba mkwe wangu, juu kidogo ya mto Weruweru, sinia mapajani, nahesabu punje za ulezi. Nilihesabu elfu moja. Mara mbili nilipotewa na hesabu nikaanza upya, kwa kuwa punje ya ulezi ni ndogo kuliko kichwa cha pini na pumzi ya mtu yatosha kuihamisha. Wapitao njiani walitusabahi, wakatazama, wakaenda zao. Nadhani walisema yaliyosemwa siku zote juu ya mume wa pwani aliyeolea mlimani.

Ulezi ule ulinunuliwa gulioni Kwa Sadala kwa kazi nyingine kabisa. Machame, kama Uchagani kote, ulezi hutwangwa ukachanganywa na ndizi zilizopikwa ili kupata mbege, kinywaji ambacho mimi sikinywi, na ambacho bila yake hakuna mahari inayozungumzwa wala ugomvi wa mpaka wa kihamba unaosuluhishwa. Upande wa Mombasa nafaka hiyo huitwa wimbi, jina moja na wimbi la bahari. Sijui kama jina hilo lilitokana na wingi. Lakini siku ile, baada ya punje mia tatu, nilikuwa tayari kuamini.

Sababu ya kuhesabu ilikuwa binti wa dada mkubwa wa mke wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyerudi likizo na daftari la hisabati. Katika kitabu chao, cha Kiingereza kama ilivyo desturi ya sekondari zetu, kulikuwa na kisa cha mfalme na ubao wa sataranji. Aliulizwa darasani aeleze jibu limepatikanaje, akasimama, akanyamaza, akaambiwa akae. Nami nilimwuliza swali lilelile kwa Kiswahili, naye akaeleza kwa utaratibu, akichora kwa kijiti mavumbini, bila kukosea. Kisha akasema, “Baba mdogo, jibu ninalijua. Ila ni nambari gani hii? Haina hata jina.”

Nambari yenyewe ni hii: 18,446,744,073,709,551,615.

Mimi nilimaliza darasa la saba, basi. Yaliyobaki nimeyaokota vitabuni, na kazi yangu ni mashairi na tafsiri. Lakini nambari hii nilikuwa nimekwisha kukutana nayo, tena mahali ambapo mshairi wa Pemba hana budi kupita. Na kwa hiyo nilimwambia kwamba jina huenda haina, ila kwao ni karibu na kwetu kuliko anavyodhani.

Kisa ni mashuhuri. Aliyekieleza vizuri zaidi kwa Kiarabu ni Ibn Khallikan, kadhi na mwandishi wa tarajama za watu maarufu, aliyefariki 1282. Anasema kwamba Sissa bin Dahir alimtungia mfalme Shihram wa Bara Hindi mchezo wa sataranji, na mfalme kwa furaha akamwambia achague zawadi. Sissa akaomba ngano: punje moja katika nyumba ya kwanza ya ubao, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, na hivyo kila nyumba maradufu ya iliyotangulia hadi nyumba ya 64. Mfalme akaliona ombi ni dogo la kumtia aibu. Makarani wake walipokaa kitako wakahesabu, wakarudi kumwambia kwamba ngano hiyo haimo katika ufalme wake wala katika falme zote. Hapa Ibn Khallikan anafanya jambo ninalompendea: anakiri kwamba yeye mwenyewe hakusadiki. Alikaa na shaka yake mpaka karani mmoja wa hesabu, mtu wa Iskandaria, alipomwandikia karatasini hatua kwa hatua, kutoka punje hadi kibaba, kutoka vibaba hadi ghala, kutoka ghala hadi miji. Na kufika nyumba ya mwisho ilihitajika miji 16,384, kila mji na maghala yake. Hapo ndipo kadhi aliposalimu amri.

Lakini miaka zaidi ya mia tatu kabla yake, nambari ileile kamili, tarakimu zote 20, ilikuwa imekwisha kuandikwa na mtu aliyeijua bahari yetu. Huyo ni al-Mas'udi, mzaliwa wa Baghdad, aliyefia Misri mwaka 956. Katika kitabu chake Muruj al-Dhahab, yaani Malisho ya Dhahabu, akizungumzia Wahindi na sataranji yao, anataja kwamba wao huupa maana ya siri ule ujumla wa kurudufisha nyumba za ubao, kisha anauandika ujumla huo. Na mtu huyu huyu alipanda jahazi na manahodha wa Oman akaja kisiwa alichokiita Qanbalu, ambako aliwakuta Waislamu wanaosema lugha ya Kizanji. Safari yake ya mwisho kutoka huko kwenda Oman aliifanya mwaka 304 wa Hijra, sawa na 916 au 917. Wataalamu wengi huona kwamba Qanbalu ni Pemba, na wapo wanaonyooshea kidole magofu ya Ras Mkumbuu. Mimi ni Mpemba, kwa hiyo ushahidi wangu usikubaliwe. Lakini nimesimama Ras Mkumbuu wakati wa maji kupwa, na sioni kwa nini jahazi la Oman lisingelitia nanga pale.

Katika kitabu hicho hicho al-Mas'udi anataja jina la mfalme wa Wazanji, na maandishi yake ya Kiarabu wataalamu wengi wameyasoma kuwa ni neno wafalme. Kama wamesoma sawa, basi hilo ni miongoni mwa maneno ya mwanzo ya lugha yetu kupata kuandikwa popote. Nakuomba, msomaji, upige kituo hapa kama nilivyopiga mimi. Kitabu kimoja, mtu mmoja, kalamu moja: ndani yake mna neno letu la kale na mna nambari ambayo binti yetu wa Machame aliambiwa akae chini kwa kushindwa kuieleza kwa Kiingereza.

Na al-Mas'udi naye alitatizwa na jina. Kiarabu cha zama zake hakikuwa na milioni. Kilikuwa na alf, ambayo ndiyo elfu yetu, na baada ya hapo mtu aliirudia: elfu ya elfu, elfu ya elfu ya elfu. Ili kuitamka nambari hii ilimbidi aeleze kwamba kundi la kwanza lina elfu sita mfululizo, la pili tano, la tatu nne, hadi kundi la mwisho lisilo na elfu. Ndiyo mistari ya mkato tunayoitia leo kati ya tarakimu tatu tatu. Yeye aliisema kwa mdomo.

Sisi tulikuwa na neno letu kabla ya elfu. Elfu moja katika Kiswahili cha kale, na katika tenzi za kaskazini, ni kikwi; mia ni gana; sita ni tandatu, tisa ni kenda, na saba ni fungate, ambalo limebaki kwa maharusi peke yao, siku saba za ndani. Kisha bahari ikatuletea sita, saba, tisa, mia na elfu kutoka Arabuni, laki kutoka Bara Hindi, na baadaye milioni kutoka Ulaya. Wapo wanaoona huu ni umaskini. Katika semina moja nilimsikia msomi, mtu ninayemheshimu kwa mengine, akisema kwamba lugha iliyoazima hadi neno la sita haiwezi kubeba hisabati ya juu. Sikujibu siku ile. Baadaye nilitaka kumwuliza: Waingereza neno lao la milioni wamelipata kwa nani, kama si kwa Wafaransa na Wataliani? Mtu hupungukiwa na lugha pale anapokosa la kusema. Mwenye la kusema huazima neno asubuhi, na jioni limekwisha kuwa lake. Kwa mintarafu ya nambari yetu, nilimwambia mtoto aisome kama al-Mas'udi: elfu sita mfululizo mara kumi na nane, elfu tano mfululizo mara mia nne arobaini na sita, na kuendelea. Alijaribu. Alifika mwisho akihema, akacheka.

Sasa, inapatikanaje bila kujumlisha nyumba 64 moja moja? Al-Biruni, aliyeandika juu yake mnamo mwaka 1000, alieleza njia ya kujizidisha. Anza na 2. Ijizidishe, upate 4. Nayo ijizidishe, upate 16, kisha 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296. Hatua ya sita inakupa 18,446,744,073,709,551,616. Toa moja, basi, kazi imekwisha. Kwa nini moja? Kwa sababu jumla ya nyumba zote zilizopita daima hupungukiwa punje moja tu kuifikia nyumba inayofuata: 1 na 2 ni 3, inayofuata ni 4, 1 na 2 na 4 ni 7, inayofuata ni 8. Binti aliona hilo mwenyewe kabla sijamaliza kusema. Al-Biruni, ili jicho lipate pa kushika, alimtaka msomaji aigawe nambari hiyo juu ya milima 2,305. Nilipomtajia baba mkwe, akauliza ni milima ya ukubwa gani.

Hilo ndilo lililonipeleka kwenye sinia. Punje zangu elfu moja nilizifunga katika karatasi, nikateremka nazo Moshi mjini kwa sonara mwenye mizani ya dhahabu, ambaye hakutabasamu hata kidogo. Zilikuwa gramu mbili na nusu. Basi hesabu ikawa yetu.

Wapenzi wa ushairi wanaosoma kurasa hizi wameshaona nielekeako. Beti ya utenzi ina mishororo 4, kila mshororo mizani 8, jumla 32. Beti ya shairi la kawaida ina mishororo 4, kila mmoja vipande viwili vya mizani 8, jumla 64. Ubao wa sataranji una nyumba nane kwa nane, jumla 64. Na bao letu la kete, lile linalochezwa vibarazani kutoka Lamu hadi Kilwa, lina safu 4 za mashimo 8, yaani 32, na kete zake ni 64. Sidai kwamba mmoja kamzaa mwenzake. Nimeona watu wazima wakivunjiana heshima kwa madai ya namna hiyo. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kusikia nane na nane sikioni haoni ugeni katika nyumba ya Sissa.

Tuweke, basi, punje ya ulezi penye mizani ya kwanza, mbili penye ya pili, na kadhalika. Tukimaliza beti moja ya utenzi tumeweka punje 4,294,967,295. Kwa mizani ya sonara, hizo ni kilo 10,700 na ushei. Lori moja kubwa linazipakia Kwa Sadala na kuzifikisha bandarini Tanga kabla ya usiku. Wala si jambo la kutisha. Sasa tuendelee kutoka utenzi hadi shairi, tuongeze vile vipande vinne vilivyobaki, mizani 32 tu. Jumla yake ni tani bilioni 46. Nafaka zote zivunwazo duniani kwa mwaka mmoja, mahindi, ngano, mpunga na nyinginezo pamoja, ni takriban tani bilioni 3. Tungehitaji mavuno ya dunia nzima kwa miaka 15, yote yawe ulezi. Ukiumwaga juu ya mkoa wote wa Kilimanjaro, ambao una kilomita za mraba elfu kumi na tatu na ushei, ungelala kwa kina cha mita nne na nusu. Kihamba chote kingefunikwa pamoja na vilele vya migomba, na paa la nyumba tuliyokalia lingechungulia kwa shida.

Baba mkwe alinyamaza kidogo. Akasema kwamba mbege yake ingeharibika kabla ya kupatikana ndizi za kutosha.

Mpaka hapa ni habari ya ukubwa, na ukubwa peke yake hauna utamu mwingi. Hata mchanga ni mwingi. Utamu wa nambari hii umo ndani yake, katika namna inavyofunguka. Kanuni ni moja tu, nayo mtoto wa kidato cha pili anayo: namba iliyojizidisha kisha ikatolewa moja ni sawa na namba yenyewe pungufu moja, kuzidisha namba yenyewe zaidi moja. Jaribu kwa 10: kumi kwa kumi ni 100, toa moja ni 99, na 9 kwa 11 ni 99. Sasa nambari yetu ni 4,294,967,296 iliyojizidisha kisha ikatolewa moja. Kwa hiyo ni 4,294,967,295 kuzidisha 4,294,967,297. Tazama: ya kwanza ndiyo beti yetu ya utenzi, lile lori moja! Nayo inafunguka vivyo hivyo, na ndani yake nyingine, kama visanduku vya Kihindi vilivyowekwa kimoja ndani ya kingine, mpaka nambari yote inakuwa

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297.

Kila mojawapo ni namba ya al-Biruni ikiongezwa moja: 2 na moja, 4 na moja, 16 na moja, 256 na moja, 65,536 na moja, na ile ya mwisho.

Tano za mwanzo ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. (Jina hilo la shuleni sijawahi kulipenda. Tasa ni asiyezaa, na namba hizi ndizo zinazozaa nyingine zote kwa kuzidishwa. Zilichokosa ni wazazi. Ningekuwa na sauti katika jambo hilo ningeziita yatima.) Je, ya sita nayo ni tasa? Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, mtu aliyefanya hisabati kama sisi tunavyofanya mashairi, baada ya kazi, aliwaandikia wenzake mwaka 1640 kwamba anaamini namba zote za namna hii ni tasa, hadi mwisho usio na mwisho, ingawa alikiri hana uthibitisho. Alikuwa Fermat. Karibu miaka mia ilipita.

Mwaka 1732, huko St Petersburg, kijana wa Uswisi, Leonhard Euler, aliyekuwa ameulizwa na rafiki yake Goldbach habari ya dai hilo, aliandika kwamba namba ya sita si tasa: inagawanyika kwa 641. Na baadaye akaeleza jinsi mtu anavyoweza kuitafuta bila kupapasa gizani. Alionyesha kwamba chochote tasa kinachoigawa namba hiyo lazima kiwe zaidi kwa moja kuliko kigawe cha 64. Naam, 64 tena, imerudi kupitia mlango wa nyuma. Basi hujaribu 3 wala 7 wala 11. Unajaribu 193, 257, 449, 577, zinashindwa. Ya tano ni 641, yaani 64 mara kumi na moja juu yake, na mlango unafunguka.

Uthibitisho wake waweza kusemwa kwa Kiswahili kitupu, na siku ile niliusema, kwa kuwa nilikuwa nimeuweka akilini miaka mingi kama wenzangu wanavyoweka beti. Tunatazama baki tu, yaani kinachosalia baada ya kugawa kwa 641. Namba 640 ni 5 kuzidisha 128, na inapungukiwa moja kuifikia 641. Tuseme baki yake ni pungufu moja. Pungufu kwa pungufu hutoa zaidi. Kwa hiyo 640 ikizidishwa yenyewe mara nne, baki yake ni moja kamili. Lakini 640 nne zilizozidishwa ni 5 nne zilizozidishwa, yaani 625, kuzidisha 128 nne zilizozidishwa, ambazo ni 2 zilizozidishwa mara 28. Sasa tazama 625: inapungukiwa 16 kuifikia 641, na 16 ni 2 zilizozidishwa mara 4. Weka pungufu 16 mahali pa 625. Ishirini na nane na nne ni thelathini na mbili: tumepata pungufu ya 2 zilizozidishwa mara 32, na baki yake ni moja. Kwa hiyo 2 zilizozidishwa mara 32 baki yake ni pungufu moja; ongeza moja, baki ni sifuri. Kwisha.

Binti alitaka nirudie palipowekwa 16. Nikarudia. Kisha alichukua daftari akaandika kwa mkono wake mwenyewe, akanionyesha hatua moja niliyoiruka.

Baba mkwe hakufuata hesabu yote, wala hakujifanya kufuata. Lililomgusa ni Fermat: kwamba mtu mkubwa alisema jambo, na watu wakakaa nalo karibu miaka mia kabla hajatokea mmoja wa kwenda kuligusa. Akatukumbusha habari ya Rungua. Habari hiyo wazee wa Machame wanayo, na mmisionari Johannes Rebmann aliyetoka Rabai aliisikia pia na kuiandika. Ilichapishwa Ulaya katika kitabu cha mwenzake Krapf cha mwaka 1860. Rungua, mangi wa Machame, baba wa Mamkinga, alitaka kujua ule weupe wa Kibo ni kitu gani. Akatuma kundi la watu wapande waukague. Akarudi mmoja, jina lake Sabaya, mikono na miguu imeharibiwa na baridi.

Rebmann aliuona mlima Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani, na baadaye alifika Machame kwa Mamkinga. Aliandika kwamba juu pana theluji. Huko London bwana mmoja aitwaye William Cooley, mjuzi wa ramani ambaye hakupata kukanyaga huku, akaandika mwaka 1852 kwamba haiwezekani, na akaendelea kushikilia hivyo hata baada ya wengine kupanda na kunyeshewa na theluji hiyo. Sabaya alikuwa amekwisha kuleta jibu mikononi mwake muda mrefu kabla yao wote, ila hakuulizwa kwa lugha yake.

Nikampa binti kazi ya mwisho, ambayo haihitaji lugha yoyote. Zidisha 641 kwa 6,700,417. Alizidisha kwa mia sita: 4,020,250,200. Kwa arobaini: 268,016,680. Kwa moja. Akajumlisha kutoka kulia, akihamisha mkononi, midomo ikisogea kwa Kiswahili na pale palipokuwa pagumu kwa Kimachame. Ikatoka 4,294,967,297. Akaitazama muda mrefu.

Basi nambari ya Sissa, ya al-Mas'udi, imefunguka yote: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Saba tu, fungate nzima, na hakuna iliyojirudia. Kwa kuwa ni saba na kila moja ama imo ama haimo, namba zinazoigawa kamili ni 2 zilizozidishwa mara saba, yaani 128: nyumba za mbao mbili za sataranji. Ziko habari nyingine. Kijana Gauss, mwaka 1796, akiwa na miaka 18, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, na siri yake ni namba hizi hizi za Fermat. Na vyombo vya kompyuta vya siku hizi vinavyohesabu kwa biti 64 hufika nambari hii ya Sissa, haviwezi kuivuka, vinarudi sifuri. Lakini hayo niliyataja kwa kupita, kwa sababu mama mtu alikuwa ameita mara ya pili watu waje kula.

Karatasi ya sonara ilikuwa bado mfukoni mwangu. Baba mkwe akainyooshea mkono, akaifungua, akazimimina punje elfu moja ndani ya debe pamoja na wenzake, maana kesho yake ulezi ulikuwa utwangwe. Binti akamwuliza kama anajua zilizobaki ni ngapi. Akasema hajui, ila zitahesabika, akamwambia alete sinia.